Gari la Mguu Mmoja

Katika Butembo nzima hakuna dereva aliyejua kuzima moto kama Phinées Syauswa. Kuzima moto kwa maana ya madereva wa kwetu, yaani hivi: unafika kwenye ukingo wa mteremko, unatoa gia, unarudisha ufunguo kidogo tu ili usukani usifungike, na gari linashuka lenyewe, kimya, petroli ikiwa imelala kwenye tangi. Ukitaka kupunguza mwendo unagonga-gonga breki. Ukitaka injini iamke unatupa gia ya pili, unaachia klachi, ile tunayoiita embrayage, na injini inakohoa mara moja na kushika. Wageni wakiona hivyo roho zinawatoka. Sisi tunaona mtu mwenye akili. Petroli yetu inatoka mbali, inapita mikononi mwa kila mwenye bunduki na kila mwenye mhuri, na ikifika mjini inauzwa kwa chupa kama dawa ya kifua. Anayeteremka milima yetu huku injini ikinguruma, ama ni tajiri ama hana akili.

Syauswa alikuwa dereva wa mfanyabiashara wa kahawa aliyeitwa Vagheni. Kwa miaka mingi alimwendeshea Land Rover moja kuukuu, akikusanya magunia kuanzia Luofu huko kusini na kuyashusha mpaka Beni. Mteremko wa Kabasha, ule mrefu unaokutoa kwenye baridi ya Butembo na kukutupa kwenye joto la Beni, aliushuka injini ikiwa imelala toka juu hadi chini, huku akisimulia mahubiri ya Jumapili iliyopita kana kwamba amekaa sebuleni kwake. Na mwanawe wa kwanza, Éliakim, miguu yake ilipofika kwenye pedali, jambo la kwanza alilomfundisha halikuwa kuwasha gari. Kuwasha kila mtu anajua, alisema. Alimpeleka Kabasha, akamfundisha kuzima.

"Gonga breki, usishikilie," alimwambia. "Ukiona inakuzidi, tupa gia. Gia haikusaliti."

Kijana alishika haraka. Alikuwa na mkono wa baba yake, na cheko la mama yake Jokébed, ambaye hucheka mpaka kwenye mazishi akikumbuka jambo. Miaka ile ya kabla ya vita, ungewakuta baba na mwana wakiteremka Kabasha wakibishana ni nani atafika mbali zaidi kabla ya kuwasha. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Syauswa alimlea dereva.

Kisha likaja gari jingine.

Vagheni alilinunua Dubai, likapita Kampala, likaingia mpakani Kasindi miezi michache tu kabla ya vita ya pili. Lilikuwa gari dogo la kijivu, safi kama sahani ya harusi, na halikuwa na klachi. Mtu aliyelileta kutoka Kampala alikaa Butembo alasiri moja ili amwonyeshe Syauswa namna ya kuliendesha. Syauswa akapanda kwa madaha ya mtu aliyezaliwa na usukani mkononi. Mguu wa kushoto ukatafuta klachi kama ulivyozoea, ukakuta pedali pana ya breki, ukaikanyaga kwa nguvu zote. Paji la uso likagonga kioo cha mbele. Vagheni alicheka hadi akashikilia lango asianguke, na watoto wa mtaa wa Kimemi waliokuwa wakichungulia wakalipa gari jina siku ileile: gari la mguu mmoja.

Syauswa hakuona la kuchekesha. Alishuka, akapangusa uso, akamsihi yule mtu wa Kampala aanze tena, pole pole, na safari hii alisikiliza kama mtu anayejifunza sala. P ni ya kulala, R ya kurudi nyuma, N ya bure, D ya kwenda, halafu 2, na L kwa milima mikali. Gari lisimame kabisa kabla ya kugusa R. Mlimani vuta kwanza breki ya mkono, ndipo uweke P, la sivyo uzito wote unaning'inia kwenye jino moja dogo humo ndani. Mafuta ya sanduku la gia ni mekundu, yana kijiti chake, yanapimwa injini ikiwa moto na ikinguruma. Yakigeuka kahawia na kunuka kuungua, ujue gari linaumwa. Usilisukume ili liwake, halitawaka. Usilivute kwa kamba. Usizime injini gari likitembea. Hilo la mwisho lilimchekesha Syauswa kidogo, kwa vile alidhani watu wa Kampala ni waoga, lakini alilitii, na kwa gari lile hakuzima moto hata siku moja.

Vita ilipoingia, Land Rover ilichukuliwa katika wiki ya kwanza, na hakuna aliyeomba kwa heshima. Sitakuambia ni jeshi la nani. Kila miezi michache walibadilisha jina na kofia, na mikono ilikuwa ileile. Vagheni alipoona wameanza kuja kumwomba mchango wa vita kila wanapoishiwa na bia, alikusanya familia yake, akavuka mpaka. Gari la kijivu hakuthubutu kulitoa barabarani. Walilisukumia ndani kabisa ya depo ya kahawa pale Kimemi, likiwa kwenye N, wakalizungushia ukuta wa magunia.

"Mukae nayo, Phinées," Vagheni alimwambia. "Siku nitarudia, nataka niikute iko napumua."

Na Syauswa akakaa nalo, akilitunza kama mtu anayetunza mgonjwa wa mwenzake. Watu wakiwa kazini na makelele ya soko yamepanda, aliingia depo, akaliwasha, akaliacha lipate joto, akavuta kijiti na kuangalia wekundu wa mafuta. Alilisogeza mbele kidogo na nyuma kidogo ili magurudumu yasioze upande mmoja. Betri aliitoa kila mara na kuibeba nyumbani ndani ya kikapu, chini ya majani ya sombe, yaani kisamvu, akailaza chini ya kitanda, kwa kuwa gari lisilowaka kwa kusukumwa, betri ndiyo roho yake.

"Mimi niko na mwenzangu mu nyumba," Jokébed aliwaambia jirani zake. "Tena yeye njo analala chini ya kitanda, hapana kusema kitu. Muke muzuri sana."

Éliakim aliomba mara nyingi aonyeshwe. Baba yake alikataa. Aliogopa mdomo wa kijana, na zaidi aliogopa mkono wake. Gari la watu si la kuchezea. Kijana alifika kwenye ukuta wa magunia, akalitazama kwa juu juu, akaambiwa rudi nyumbani. Syauswa alifikiri ipo siku, vita ikiisha, Vagheni akirudi, atamkalisha kwenye kiti na kumfundisha taratibu bila haraka. Aliifikiria siku ile kwa furaha. Nasikitika kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nani alipeleka habari kwa wakubwa wa Beni, hajajulikana, na Syauswa mwenyewe alikataa kumtafuta. Éliakim alikamatwa akitoka mazoezi ya kwaya, kitabu cha nyimbo mkononi. Kesho yake sajini mmoja alikuja nyumbani na askari wawili, akaketi bila kukaribishwa.

"Muzee, tuko najua unaficha gari ya bosi yako," alisema. "Komanda wetu kule Beni iko nataka ile gari. Kijana yako iko kwetu, mu camion pamoja na bengine. Camion inaenda front leo. Kama gari inatoka, kijana atashuka mu camion. Kama haitoke, donc, utamuombea."

Watu walikuwa wamekwisha ona malori yakienda front, kwenye mstari wa vita, na walikuwa wameona yanavyorudi. Syauswa hakuomba nafasi ya kufikiri. Alimkumbuka Vagheni na neno alilompa, akaliweka chini, kwa sababu mtoto ni mtoto. Aliinama, akavuta betri kutoka chini ya kitanda mbele ya sajini, na Jokébed akageuza uso ukutani.

Depo ilifunguliwa mchana kweupe. Magunia yakasogezwa, betri ikafungwa, gari likawaka kwa mara ya kwanza tu, na askari wakapiga makofi. Syauswa alilitoa nje hadi uani, akaweka breki ya mkono, akaweka P, akashuka. Éliakim alikuwa ameletwa, amesimama karibu na lango, shati limechanika begani, jicho moja limevimba. Mama yake alikuwa amemletea koti na chakula kwenye sahani iliyofunikwa, na hakuruhusiwa kumsogelea.

"Gari njo hii, chef," Syauswa alisema. "Munipe mutoto."

Sajini alikuwa amekwisha kaa kwenye usukani. Aliweka D kwa kubahatisha, gari likaanza kwenda lenyewe, akashtuka, mguu wake wa kushoto ukatafuta klachi ambayo haipo, na kofia yake ikagonga kioo. Mmoja wa askari wake alicheka, kisha akakumbuka yuko na nani. Sajini akashuka akiwa amekasirika.

"Gari gani hii? Ni ya bachawi? Nani atafikisha hii Beni?"

"Mimi nitaendesha, chef," Syauswa alisema haraka. "Nitawafikisha muzuri, kisha nitarudia na mutoto wangu."

"Komanda hapendi chauffeur muzee. Anataka kijana mwenye anaweza kubeba na bunduki. Tutatafuta mwengine. Weye kijana, rudia mu camion."

Hapo ndipo Syauswa alipofanya lile ambalo baba yeyote angefanya. Lori lilikuwa nje ya lango, injini inanguruma, vijana wamesimama ndani kama miti iliyofungwa pamoja. Alimwona mwanawe akigeuka kulielekea.

"Chef, ngoja! Yeye anajua," alisema. "Éliakim anajua hii gari. Mimi mwenyewe nilimufundisha. Mu Butembo ni sisi wawili tu."

Sajini alimtazama kijana. "Ni kweli?"

Éliakim alimtazama baba yake. Hakuwa amewahi kukaa hata kwenye kiti cha gari lile. "Ni kweli, chef," alisema.

"Bon. Basi utakuwa chauffeur ya Komanda. Chauffeur hapana kwenda front."

Hapana kwenda front. Jokébed aliweka sahani chini, akafunika mdomo kwa mikono miwili. Sasa kilichobaki ni kitu kimoja: kijana ampeleke sajini mpaka Beni bila kugunduliwa kwamba hajui, maana uongo ukigundulika njiani, hakuna aliyehitaji kuambiwa yatakayofuata.

Kijana alipanda kwenye usukani. Sajini akakaa kando yake, askari wawili nyuma, mmoja akiwa na lile koti alilolipokea kwa Jokébed. Syauswa alisogea kwenye dirisha.

"Chef, sisi ni batu ba kanisa," alisema. "Mutoto hajasafirigi bila kuombewa. Uniachie nimuombee."

Hilo sajini hakuweza kulikataa. Katika nchi yetu hata anayekwenda kukuibia huvua kofia ukisema tuombe. Alivua kofia. Syauswa aliingiza mkono dirishani, akauweka juu ya kichwa cha mwanawe, akafumba macho na kuanza kuomba kwa Kinande, lugha ambayo hakuna hata mmoja wa wale askari aliyeijua. Mimi nakuwekea kwa Kiswahili.

"Bwana Mungu, ulaze mguu wa kushoto wa mtoto wangu. Ulale kabisa, usiguse kitu mpaka Beni, kwa kuwa hapa hakuna embrayage, ee Bwana, wewe wajua. Mguu wa kulia ufanye kazi zote mbili. Mfundishe kukanyaga breki kwanza, kabla hajagusa ile fimbo iliyo kando ya goti lake. Kwa P gari linalala, Bwana. Kwa R linarudi nyuma; umzuie asiiguse gari likiwa linatembea, hata kwa mwendo wa kobe, maana meno yake yatasagika. Kwa N linakuwa bure. Kwa D linakwenda, na litaanza kwenda lenyewe hata kabla hajakanyaga pedali ya moto, umwondolee hofu. Gia zitabadilika zenyewe, aziache. Ukimleta kwenye mlima mkali, Baba, uongoze mkono wake kule chini kabisa kwenye L. Akisimama mlimani, breki ya mkono itangulie, ndipo P ifuate. Asikanyage moto kwa hasira, hili halipendi hasira. Na, ee Mungu wa baba zetu, ikiwa litazimika likatae kuwaka..."

"Amen!" sajini alisema, akavaa kofia. "Mungu amesikia. Tunaenda."

Éliakim alifumbua macho. Yalikuwa na machozi, na chini ya machozi kulikuwa na cheko dogo, lile la mama yake. "Wasingya, tata," alisema. Asante, baba.

Akakanyaga breki. Akashusha fimbo hadi D. Gari likajikongoja kidogo, likasimama, likajikongoja tena, kisha likaenda, likapita langoni pembeni ya lori la vijana, taa nyekundu za nyuma zikiwaka na kuzimika kwenye kila shimo. Syauswa alisimama akilitazama, na mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga vumbi, breki, moto, breki, bila yeye kujua.

Jokébed alikuja kusimama karibu naye. Yeye ni Munande, alikuwa amesikia kila neno la sala ile.

"Umemuambia yote?" aliuliza.

"Yote," Syauswa alisema.

Siku ile alikula vizuri. Alimkuta jirani kwenye uzio akamweleza kwa sauti ndogo kwamba Éliakim sasa ni dereva wa mkubwa, na kwamba madereva wa wakubwa hulala kwenye nyumba yenye bati na hawaendi front. Vagheni akirudi atamkasirikia, basi amkasirikie. Alipopita chumbani aliona mahali palipokuwa na betri pamebaki wazi, sakafu ina alama ya mraba, na hakusikia uchungu mwingi.

Habari ilikuja asubuhi. Aliyeileta ni Mathe, mmoja wa wale wanaume wanaosukuma baiskeli za mafuta ya mawese kutoka Beni, wanapanda Kabasha kwa miguu wakiwa wameinama mpaka paji la uso linakaribia gurudumu. Alikuwa anamfahamu Syauswa tangu zama za Land Rover. Mara nyingi alimpisha njiani akishuka kimya.

"Papa Phinées," alisema, na hakukaa. "Papa, mukaze roho. Ile gari ya kijivu ilianguka pa Kabasha. Mimi nilikuwa napanda. Niliiona inashuka, haina sauti. Tukasema, tiens, ni Papa Phinées njo anashuka, tukatoka tu mu barabara kama siku zote. Hatukujua ni shida. Ilipita kimya. Mpaka kwenye kona njo tuliona hainyongi, haigeuke."

Syauswa aliuliza swali moja tu, na halikuwa lile ambalo Mathe alitarajia. "Injini ilikuwa imezimwa?"

"Ilikuwa imezimwa, papa."

Basi akajua. Alijua akiwa amesimama pale mlangoni, kabla hajaona lolote. Hata hivyo alikwenda, kwa sababu mtoto lazima aletwe nyumbani, akapanda juu ya magunia ya lori lililokuwa likishuka Beni. Na lori lile, lilipofika juu ya Kabasha, dereva wake alizima moto. Syauswa alisikia ule ukimya alioupenda maisha yake yote ukiingia chini ya miguu yake, akalia mpaka wenzake kwenye magunia wakamshika wasijue kuna nini.

Gari lilikuwa chini ya kona, limelalia ubavu kwenye migomba. Sajini alikuwa amekufa, na askari mmoja. Éliakim walikuwa wamemlaza kandoni, wamemfunika kitenge cha mama mmoja wa pale. Askari wa pili, kijana mdogo wa umri wa Éliakim, alikuwa ameketi juu ya jiwe, mkono umefungwa kwa kitambaa, akisubiri wenzake waje kumchukua. Bunduki yake ilikuwa kwenye magoti, lakini hakuna aliyemwogopa.

"Ni weye baba yake?" aliuliza. "Alikuwa anaendesha na woga, muzee. Tangu Butembo, jasho tu. Chef akamuuliza, weye kweli unajua? Akasema najua. Tulipofika huku juu, akaona mteremko, akacheka. Mara ya kwanza alicheka. Akasema, 'Hapa sasa, chef, hapa mimi njo fundi. Baba yangu alinifundisha hapa. Essence ya Komanda itabakia yote mu tangi.' Akazima. Chef akafurahi sana."

Syauswa alishuka kwenye migomba. Watu walikuwa wamekwisha ondoa betri na magurudumu mawili. Siwalaumu, vita imefundisha kila mtu ufundi wake. Alipiga magoti, akachungulia ndani. Ufunguo ulikuwa umerudishwa kidogo tu, barabara kama alivyomfundisha, ili usukani usifungike. Na fimbo ya gia haikuwa kwenye N, wala kwenye D. Ilikuwa kwenye 2.

Aliona yote kama aliyekuwa ndani. Mtoto aligonga-gonga breki kama alivyoambiwa, na breki za gari lile zinapewa nguvu na injini. Pigo la kwanza breki ikaitika, la pili ikaitika nusu, kisha pedali ikawa jiwe. Usukani nao ukawa mzito. Gari likamzidi. Akakumbuka neno la baba yake kwamba gia haisaliti, akatupa gia ya pili, akangoja injini ikohoe na kushika. Katika gari lile, gia haziwezi kuiamsha injini. Alingoja kitu ambacho kisingekuja, mpaka kwenye kona.

Siku nyingi Syauswa alijitetea moyoni kwamba sajini ndiye aliyemkatiza. Mimi niliyemjua nasema hapana, na mwisho yeye mwenyewe alisema hapana. Hata angeachiwa kuomba mpaka jua lizame, lile asingelisema. Alilokuwa akianza kusema lilikuwa la kusukuma. Kuzima moto mteremkoni hakukuwemo kabisa katika mambo aliyofikiri mtu anaweza kuhitaji kuambiwa. Ni kama kumwambia mtoto asisahau kupumua. Mazoea yana taabu, wazee walisema, na walisema vizuri.

Chini ya gari kulikuwa na dimbwi jekundu kwenye udongo. Mama mwenye kitenge alimwambia asiguse, ni damu. Syauswa alichovya kidole, akanusa. Yalikuwa mafuta ya sanduku la gia, mekundu, safi, hayana hata harufu ya kuungua. Alikuwa ameyatunza vizuri sana.

Wenzake wa yule askari walifika kwa gari jingine la Komanda. Walilizunguka la kijivu, wakapiga mateke bati, wakauliza nani atalipa. Mmoja alimwuliza Syauswa kama boîte, sanduku la gia, ni nzima, labda wanaweza kuitoa. Alimjibu kwamba ni nzima. Hakuna aliyeuliza juu ya kijana chini ya kitenge, kwa hiyo angalau hawakumzuia kumchukua.

Walimpandisha Éliakim kwenye lori lililokuwa likipanda Butembo na mawese, na Mathe akaacha baiskeli yake kwa watu, akaja kumshikilia asitikisike. Gari linalopanda haliwezi kuzimwa. Injini ilinguruma njia nzima, na Syauswa alishukuru kwa kelele ile.

Nyumbani uwanja ulikuwa umekwisha jaa, kwaya imeketi chini, wanawake wanachemsha maji. Jokébed alitoka, akasaidia kumshusha mwanawe, akamvua lile koti aliloshindwa kumvalisha uani, kwa kuwa kumbe askari walimpa njiani na alilivaa. Aliliweka begani mwake. Hakupiga kelele, wala hakumwuliza mumewe lolote, na nadhani angemwacha hivyo, bila kuuliza, mpaka siku ya mwisho ya maisha yao. Ni yeye Syauswa aliyemfuata mpaka kwenye maji, akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu.

"Jokébed," alisema. "Haikukuwa yote."